Mzunguko wa Ziada

Ufunguo wa ukumbi hukwama, Ismenia.
Inua kitasa kidogo, kisha sukuma kwa bega.
Utazoea.

Juzi uliniuliza, kwa haya, kama kuna posho.
Kuna chai. Kuna sufuria iliyoungua kitako.
Kuna daftari la mahudhurio, na nyuma yake, kwa wino mwekundu:
nani hali karanga,
nani hukojoa kitandani (usilitamke;
mwamshe saa sita, mwambie mnakwenda kutazama nyota),
nani mama yake hapokei simu.

Siku za kazi naandika ankara, duka la misumari na rangi.
Bosi ananiona kichaa:
mwanamke wa miaka hamsini na mbili, goti bovu,
skafu ya kijani shingoni,
anapuliza filimbi kwenye upepo wa Punta Arenas
ambao hauachii filimbi nafasi.
Sikuja kwa wito. Nilimleta binti yangu.
Binti akachoka mwezi wa tatu, akahamia mpira wa kikapu.
Baldomero, kiongozi wa wakati ule, akanipa koleo,
akasema, "Nishikie kidogo," akaingia ndani.
Hicho kidogo leo kina miaka kumi na tisa.

Ngoja nikwambie la hema.
Februari, ukingo wa msitu.
Doria ya Korongo, watoto sita, mkuu wao Nahuel, miaka kumi na mitatu.
Mlango wa hema wameuelekeza magharibi,
kule kule unakotoka upepo.
Niliona. Neno lilishafika ncha ya ulimi.
Nikakaa juu ya mikono yangu.
Kweli nilikaa: viganja chini ya mapaja, juu ya gogo bichi,
maana mikono yangu haina adabu,
hukimbilia kila kigingi kilichopinda.
Saa tisa usiku hema likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta,
likang'oka, likaenda.
Watoto sita na fulana zao, wanalia, wanacheka,
wanalifukuza gizani kwa tochi mbili.
Nahuel hakunitazama.
Alfajiri nikamkuta peke yake,
amelowesha kidole, amekiinua juu,
anaiuliza hewa.
Sikusema kitu. Nikakoroga uji.

Hiyo ndiyo kazi, kama unalitaka jina lake.
Mengine ni kusugua masizi,
na kungoja mlangoni na mtoto wa mwisho
mpaka taa za gari zikate kona,
au zisikate, umpeleke mwenyewe,
umwone akiingia nyumba isiyo na taa,
nawe ubaki kwenye usukani, injini inanguruma,
huendi popote.
Barua ya kuacha nimeiandika mara tatu.
Ipo kwenye droo ya vijiko.

Na sikuficha: nimewafundisha makosa pia.
Fundo la kufungia kamba kwenye nguzo
nililisoma kitabuni picha ikiwa kichwa chini,
nikaongeza mzunguko usiohitajika.
Miaka tisa kikosi kizima kikafunga hivyo,
mpaka mgeni kutoka Puerto Natales akacheka.
Nikasimama mbele ya watoto, nikaomba radhi.

Novemba iliyopita upepo ulipanda.
Manispaa ikatuma watu kufunga kamba barabarani
tusije tukapeperushwa kama kuponi za bahati nasibu.
Mmoja wao, ndevu nene, kofia ngumu,
simjui, au nimemsahau,
alipitisha kamba kwenye nguzo mbele ya benki:
akazungusha, akazungusha,
kisha, bila hata kutazama,
akazungusha tena.

Nilitaka kumwita. Ningemwita nani?
Nikaishika ile kamba, koti linanipiga mgongoni,
nikavuka.