Nyuma ya Spika

Alfajiri, Julai, Mafinga.
Sakitu imemwaga chumvi yake juu ya mabua
na upepo haujaamka.
Nimeungoja utulivu huu siku nne.

Spika nimeibeba hadi katikati ya shamba lililovunwa,
mbali na bati la kanisa, mbali na kuta.
Kuta ni mashahidi waongo:
ukisema neno, hulirudia kana kwamba ni lao.

Imekaa juu ya gurudumu la baiskeli lililolazwa,
ringi ina alama za rangi ya kucha ya Lusungu,
moja kila nyuzi kumi.
Maiki nimeifunga kwenye mwanzi
uliogemwa ulanzi mwaka jana; bado unanuka.

Nyuzi sifuri. Mluzi unapanda kutoka besi
hadi pale masikio yangu ya miaka hamsini yanapoaga.
"Desibeli tisini na moja."
Lusungu anaandika, anapuliza vidole.
Zungusha.
Thelathini: themanini na tisa.
Sitini: sauti nyembamba zimeanza kutoroka,
sa, fa, sha, ncha za maneno.
Tisini, mia na ishirini,
zungusha, taratibu, usilitikise.
Mia na themanini:
mngurumo tu, lori la magogo linapanda kilima
ambacho hukioni.

"Baba, huku nyuma tunapima nini?
Nani anakaa nyuma ya spika?"

Siku ya msiba wa Kalinga
spika nilizipanga mimi,
nikazielekeza kwenye hema, kwenye viti vya wageni.
Nyuma yake palikuwa na mafiga na moshi,
na Sekalinga, dada wa marehemu, ameshika mwiko,
akingoja wasifu wa kaka yake usomwe.
Jioni alinifuata nikikunja waya.
"Walisema nini juu yake?
Mimi nilisikia a, i, a.
A, i, a, kama ng'ombe aliye zizi la jirani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mbele.

Lusungu anaunganisha nukta kwenye daftari la hesabu.
Umbo linatokea: figo la mbuzi,
limenona mbele, limebonyea mgongoni.
Anaweka kidole kwenye mbonyeo.
"Alikuwa hapa?"
Hapo.

Jua limegusa misonobari, sakitu inadondoka,
upepo umeamka na namba zinatetemeka.
Nusu ya pili ya duara tutaipima kesho.

Jumamosi kuna msiba Changarawe.
Nitabeba spika ya tatu,
na kabla ya kuuliza hema liko wapi
nitauliza jiko.