Rangi ya Kucha

Nilipaka usiku, simu nimeiuma mdomoni iwe tochi,
kwa brashi ile ile iliyopaka vidole vya bibi harusi wa Shella:
nukta nyekundu kwenye kabureta,
nukta kwenye betri,
na nukta nene, yenye kiburi, kwenye stata.

Mimi Nyevu wa Thoya, mwenye tuktuk ya manjano
iliyoandikwa nyuma HABA HAIJAZI.

Mara ya kwanza Famau aliniambia stata imekufa.
Elfu nne na mia tano. Nikalipa.
Mara ya pili aliniambia stata imekufa.
Nikasema, hii stata ina roho ngapi, ni paka?
Akacheka, akapangusa grisi.
"Mama, injini ni kama tumbo. Huoni ndani."

Huoni ndani.
Samaki namfunua shavu nikaona wekundu wake,
kanga naikunjua nikapima pindo kwa pindo,
nyanya naibonyeza na mwenye nyanya ananung'unika;
lakini gari hufunguliwa mgongoni mwangu,
nami hupewa kiti cha plastiki na chai ya tangawizi
nisubiri kuambiwa naumwa nini.

Basi mara ya tatu nilikwenda Maweni na daftari,
la hesabu, la mwanangu Mbodze, kurasa za nyuma.
Nikaandika kabla spana haijagusa nati:

Utataja bei kwanza, na utaiandika.
Ukikuta jingine bovu, piga simu. Usilitibu kwa huruma.
Chuma cha zamani ni changu. Kikifa nitakizika mwenyewe.
Na kikiharibika kile kile kabla mwezi haujaandama mara mbili

hapo kalamu ikaisha wino, nikamalizia kwa mdomo.

Famau alisoma kama mtu aliyeletewa talaka.
"Unanishuku?"
"Mahari huandikwa, Famau, na wale wanapendana."
Akatia sahihi kwa dole gumba, kwa oili.

Jioni akanikabidhi stata ya zamani ndani ya mfuko wa unga.
Nzito, nyeusi, imeliwa na chumvi.
Nikaigeuza.
Nikaigeuza tena.
Nikainama kwenye tuktuk, nikamulika:
pale pale ilipolala jana na juzi
stata "mpya" ilikuwa imepakwa kucha.

Shebwana, kijana wake, akaanza kufagia mahali palipofagiliwa.

Sikupiga kelele.
Niliweka kidole changu kando ya ile nukta,
wekundu kwa wekundu, nikakiacha hapo.
"Ni waya tu," akasema, sauti imemshuka. "Ulilegea."
"Bei gani waya kukazwa?"
"Mia mbili."

Nikamuuliza ile ya kwanza. Akainamisha kichwa.
Nikamuuliza ya pili. Akaapa ile ilikuwa kweli,
akaapa kwa mamake aliye hai,
nami sikuwa na la kusema: mara hizo sikuwa nimepaka.

Kisha akaniuliza yeye:
"Na mia saba zangu? Pancha tatu na taa ya mbele,
tangu kabla ya Ramadhani?"
Hiyo haikuandikwa, nilitaka kusema.
Mdomo ulifunguka, ukaona haya, ukajifunga.
Nikatafuta penseli ya Mbodze, iliyotafunwa kichwani,
nikafungua ukurasa mwingine:
Nyevu, mia saba.
Famau, elfu nne na mia tano.
Tukatoa. Kilichobaki ananilipa kwa breki na oili,
polepole, kama mtu anayeng'olewa jino.

Ukipita sasa utaona kipande cha boksi ukutani:
BEI KWANZA. CHUMA CHAKO CHUKUWA.
Ameandika Shebwana, na w yake ya ziada.
Sijui kama ni toba au ni tangazo.
Wateja wameongezeka, hilo najua.

Mimi bado napaka.
Kichupa kimefika chini, na dukani
rangi imepanda bei,
na hakuna aliyeniandikia kabla.