Dagaa wa Ng'ombe

Kwetu Wete dagaa ni kitoweo.
Hapa milimani, juu ya Taqa, ni malisho.

Kharifu imekwenda zake na ukungu wake;
Desemba mlima umebaki rangi ya mkeka mkuukuu,
ng'ombe wanalamba mawe
palipokuwa na nyasi za kufika kifuani.

Bakhiti bin Saad anafungua gunia.
Harufu inatangulia, kisha nzi, kisha ng'ombe.
"Kopo zima kwa anayenyonyesha," anasema,
"nusu kwa mtamba. Madume yasubiri."
Napima kwa kopo la maziwa ya unga, nahesabu:
magunia kumi na tisa,
midomo thelathini na mmoja,
miezi sita mpaka manyunyu.

Hesabu inakataa.

Jana mchinjaji wa Salala alipanda na gari,
akampapasa mbavu fahali mwekundu
kama anayechagua kitambaa dukani,
akataja bei.
Bakhiti hakumjibu. Alininyang'anya kopo,
akalimimina lote mbele ya mwekundu, polepole,
dagaa wakalia juu ya karai
kama mvua juu ya bati.

Magunia kumi na nane na kitu.

Usiku nanawa mikono mara tatu, kwa ndimu.
Bado inanuka Wete.