Daftari la Tarehe Mbili

Tarehe mbili Januari Tabata inapiga miayo.
Duka moja limefungua, matatu yamelala,
walioenda kwao wanarudi na mafua ya milimani,
na sisi wanne tunakutana uani kwa Kokushubila,
nyuma ya saluni yake iliyofungwa,
chini ya kamba ya taulo zisizokauka.

Mwaka wa kumi na moja huu.
Daftari nalishika mimi kwa kuwa sisafiri:
kwetu Kisarawe, naenda na kurudi
kabla chai ya asubuhi haijapoa.
Mnazi wangu umegemwa alfajiri,
ikifika saa nane umeshaanza kutukana watu.
Wameupa tano. Kila mwaka tano.
"Mnazi wa jirani," wanasema, "hauna nauli ndani yake."

Kihwele kashuka na ulanzi wa Iringa,
dumu la lita tano, kifuniko kakilegeza,
maana mwaka juzi ulilipuka Mikumi
ukamwogesha mchungaji wa kiti cha mbele,
akateremka Morogoro akinuka
dhambi asiyoitenda.
Leo umetulia. Mtamu, unachekea puani.
Saba, nikaandika. Kihwele akadai nane.
Tukamwambia aende mahakamani.

Rubisi imetoka Muleba, imelala njiani,
imeamka njiani, imefika na vumbi la mikoa sita.
Mwenyewe Kokushubila hanywi tena,
sukari imemkataza huu mwaka wa tatu;
ana togwa yake kwenye kikombe cha bati.
Lakini pua yake inajua kuliko koo zetu.
Anazungusha glasi, ananusa, anafumba macho:
"Ndizi hizi zilivunwa kwa haraka.
Mdogo wangu alikuwa na mgeni."
Akapiga simu. Kweli, alikuwa na mgeni.
Sita na nusu.

Halafu ikabaki zamu ya Elirehema.

Nikifungua kurasa za nyuma, upande wake
ni mwandiko mmoja: mbege ya Mama, Kibosho, tisa.
Mbege ya Mama, tisa.
Mwaka ule wa mvua nyingi, tisa na nusu,
na Kihwele kachora nyota pembeni.
Mwezi wa nane tulimzika.
Tulisimama kwenye migomba yake, viatu vyetu vya mjini
vikizama kwenye udongo mweusi,
na hakuna aliyethubutu kuuliza kuhusu Januari.

Kaja na ndoo ya rangi, buluu, ina mfuniko.
"Nimepika mwenyewe. Kimara."
Ndizi za Mabibo, ulezi wa Kariakoo,
na gome la msesewe alilolikuta jikoni kwa mama,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
"Kipimo sikijui. Alikuwa anapima kwa kiganja,
na kiganja kaondoka nacho."

Kata ikazunguka.
Uchungu ulianza mbali, nyuma ya ulimi,
ukaja polepole kama mdai anayejua upo ndani.
Kihwele akakohoa, akageukia ukuta.
Mimi nikatafuta kalamu niliyokuwa nimeishika.
"Nane," Kihwele akasema, haraka mno.

"Andika kweli," Elirehema akasema.
"Mama angekutupia hiyo nane ya huruma."

Kokushubila akaweka togwa chini.
Akachukua kata, akanywa funda moja,
akalishikilia mdomoni muda wa kusuka nywele mbili tatu,
akameza.

"Nne," akasema. "Gome limezidi.
Na hukuipa siku ya kupumzika.
Mwakani punguza."

Elirehema akashusha mabega
kama mtu aliyetuliwa gunia.
"Nipunguze kiasi gani?"
"Mimi nitajuaje? Punguza, ulete, tutakuambia."

Nikaandika: nne.
Pembeni, kwa herufi ndogo: gome, punguza.
Nikachora mstari wa mwakani, nikauacha wazi.

Ndoo tuliimaliza, hadi ulezi wa chini
tukautafuna kama watu wenye njaa.
Mnazi ndio uliobaki.