Kucha Kumi

Mwewa wa chuo alikuja Katuba na mkasi mdogo,
akaniomba kucha. Zote kumi.
Akazitia ndani ya bahasha, akaandika namba:
mimi ni mia moja na nne.

“Mama Chansa, kwa siku unakunywa vikombe vingapi?”
Nani huhesabu kiu, mwanangu?
Maji ya kisima cha uani hayana harufu,
hayana rangi, chai yake huiva vizuri.

Akapima bukari kwa mizani, tonge kwa tonge.
Lengalenga niliyoyaosha mara tatu
akayaosha ya nne, akayakausha,
akayasaga mithili ya dawa.

Arseniki, alisema.
Nikajaribu kulitamka, likakwama menoni
kama changarawe ya mchele.
Bomba la kiwanda halitoi moshi kama zamani,
lakini udongo, alisema, udongo hausahau.

Majibu lini?
Miezi mitatu. Labda minne.

Jioni nikapika. Watoto wanne, sahani moja,
hakuna aliyeuliza kitu.
Nikateka maji, nikanywa,
nikajikuta nahesabu: kimoja.

Kucha zimeanza kuota.