Aliyeshika Hatamu

Kabla neno hilo halijapanda jukwaani,
kabla halijapakwa rangi kwenye kuta za ofisi ya kata,
baba yangu, Ndekirwa Nnko, alishika hatamu.
Za ngozi. Zenye jasho la farasi.
Nje ya boma la Arusha, saa nne mpaka saa saba, jua la utosi,
mwenyewe akiwa ndani, kamatini.

Mwenyewe jina lake lilikuwa na mabehewa mengi kuliko treni ya Moshi;
sisi tulimwita Bwana Kwato, tukapumzika.
Mtoto wa pili wa lodi. Kwao, alimwambia baba,
wa kwanza hupewa nyumba yenye madirisha mia na ishirini,
wa pili hupewa farasi na upanga, akatafute vita.
Vita akavipata. Ufaransa, matopeni,
kikosi kizima kilitimua mbio kuzielekea bombomu,
wakarudi watu kumi na wanne na farasi mmoja,
na huyo mmoja akammaliza yeye mwenyewe, kwa huruma,
kwa bastola aliyokuja nayo Usa
akaitundika juu ya kitanda kama picha ya mama.

Alikuja pia na farasi jike, wa kijivu, Sabina.
Baba akajifunza lijamu, kikuku, tandiko,
na kufukiza zizi kila magharibi
ili ugonjwa usimwone.
Mimi nilijifunza kusoma kwa karatasi alizotupa Bwana:
hotuba zake za Dar es Salaam, bei ya kahawa, daraja, kodi ya kichwa.
"Mheshimiwa Mjumbe wa Kaskazini akasimama."
Baba huku ameinama,
anatoa mawe kwenye kwato.

Wahenga walionya: mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Bwana Kwato aliwapanda wawili, shamba na baraza,
usimkatike hata uzi wa suruali.
Msamba uliopasuka ulikuwa wetu.
Mkono ulioinuka siku ile kamatini
ulihamisha kaya thelathini na saba, na mizinga yao ya nyuki,
kutoka malisho ya ng'ambo ya mto.
Yetu ilikuwa ya ishirini na mbili.
Orodha nimeiona; nilikuwa karani wa ardhi miaka thelathini na mmoja.
Baba hakujua. Bwana alitoka, akampapasa Sabina shingoni,
akampa baba sumni.
"Umesubiri sana," alisema.
Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo simnyimi.

Masika yaliyofuata Sabina akatoka povu puani.
Bwana alichimba kaburi kwa mikono yake, koti la jeshi mwilini,
akalia kilio ambacho mama,
mwenye mimba ya miezi minane na kibanda cha kuazima,
alikisikia toka mbali, akauliza: "Kafa nani?"

Kisha kaka mtu akafa bila mtoto,
madirisha mia na ishirini yakamwita.
Tukasikia sasa naye ni lodi, ana kiti chekundu bungeni kwao,
husinzia baada ya chakula.
Mwaka wa uhuru ikaja barua, sentensi mbili:
"Ndekirwa, lizungushie kaburi uzio.
Nimekuwa nikiiwaza ile kura."
Hakusema aliwaza nini.

Baba hakununua seng'enge. Alipanda masale.
Kwetu sale ni mpaka;
kwetu pia, ukimkosea mtu, unampelekea sale,
naye hana ruhusa ya kulikataa.
Nikamuuliza: huu ni mpaka au ni msamaha?
Na kama ni msamaha, nani anamwomba nani?
Akasema mvua inakuja, nishike jembe vizuri.

Shamba lilipochukuliwa na serikali, mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Mpimaji alifika kwenye masale, akakunja mnyororo wake, akapita kando.
Kwenye safu ya mmiliki nikaandika: N. Nnko, saisi.
Ndicho kipande pekee tulichorudishiwa,
hatua kumi na mbili kwa nane,
na farasi ndani yake.