Shingo Upande

Jumanne niliamka, shingo imegoma.
Kulia ilikubali, kushoto ikakataa katakata,
nikawa kama mlango wa ghala uliovimba kwa unyevu:
nusu unafunguka, nusu unalia.

Nje, Le Locle yote, theluji imefika madirishani.
Mezani, saa saba za wateja zinanisubiri.
Miaka thelathini na minne nimeziinamia,
kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni,
nikisaka skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi.
Sizilaumu. Zimenilisha.
Lakini kila dakika niliyowarudishia watu
nadhani ilikatwa hapa, chini ya kisogo.

Nikatoa mfuko wa kokwa za cheri.
Niliushona kwa mguu wa pajama ya Numa,
ile ya mistari ya buluu, iliyochakaa magotini.
Kokwa ni za kiangazi kimoja cha zamani:
tulikaa kizingitini, yeye, mimi na watoto,
tunatafuna, tunatema ndooni, ting, ting,
Numa akihesabu zake kwa sauti, na kudanganya.
Nilizichemsha, nikazianika juu ya gazeti
mpaka zikawa kavu, nyepesi, zinacheka zenyewe.

Dakika kumi ndani ya oveni, moto wa upole.
Naujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono
kama maziwa ya mtoto,
kisha nauweka shingoni.
Sijui nieleze vipi. Haukandi, haukemei.
Unakaa tu, na uzito wa paka aliyeshiba,
na joto linateremka begani
likibisha hodi kwenye kila fundo.
Harufu ya mbao. Ya jamu iliyoungua kidogo.

Baadaye, mazoezi.
Kidevu kifuani. Pumua.
Sikio liende begani, bega lisije kulilaki.
Kisha kugeuka: mbele ni saa sita,
kushoto nilifika saa tano, nikaishia hapo.
Sikulazimisha. Fundi anajua,
springi hukatika mkononi mwa mwenye hasira.

Alhamisi Marlyse wa ghorofa ya chini akapanda na supu ya vitunguu.
Aliwahi kuwa nesi; bado anaingia chumbani bila kubisha.
Akauliza kama vidole vinakufa ganzi, kama nina homa,
kama kichwa kinapasuka.
"Ukiona mojawapo, hilo si la kokwa. Ni la daktari."
Hakuna, nikasema.
Ndipo akatazama kitanda.
"Huguette, unalalia mito miwili?"

Nikanyamaza.
Tangu Novemba. Tangu walipomteremsha Numa kwa ngazi ile nyembamba
nilichukua mto wake, nikauweka juu ya wangu,
mwanzoni kwa ajili ya harufu.
Harufu ikaisha, mazoea yakabaki.
Miezi mitatu shingo yangu imekuwa daraja
juu ya mito miwili isiyo na maji.

"Mmoja," akasema Marlyse. "Tena mwembamba."
Nilikubali shingo upande;
siku zile sikuwa na namna nyingine ya kukubali.

Leo Jumapili. Bado kuna mkwaruzo nikigeuka,
kama mchanga ndani ya gia.
Kazi nimeipandisha juu ya kamusi mbili
inifikie machoni, nisiishukie,
na kila nusu saa nasimama, nazungusha mabega,
naangalia jirani anavyopambana na koleo lake.
Mto wa Numa nimeurudisha upande wake.
Nimeupiga makofi mawili ujae, alivyopenda.

Usiku, mfuko ukiwa bado vuguvugu,
nageuka kushoto polepole:
saa tano,
saa nne,
saa tatu na ushei.
Naona mto. Naona ukuta,
na msumari aliokuwa akitundika saa yake,
saa pekee ambayo hakuniruhusu kuigusa.

Mshono umeachia mahali.
Kokwa moja imetoroka, nimeisikia
ikidunda sakafuni: ting.